Kufuga chatu si mchezo, bwana!

Wiki hii tunaingia kwenye mifugo, ila siyo kuku wala mbwa. Mshikaji mmoja wa Kihonda, hapa hapa Mji Kasoro Bahari, kaokota mtoto wa chatu shambani. Urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Kamtia kwenye ndoo yenye mfuniko, na swali lake ni moja tu: amlishe nini, na mara ngapi, mpaka awe mkubwa? Kwenye simu kaona masela wa Marekani wanatembea na chatu shingoni kama skafu, basi naye kadata.

Kasheshe inaanzia hapo. Chatu wa kwenye simu na chatu wa kwenye ndoo siyo ndugu wa tumbo moja. Yule wa Wazungu ni Mwafrika kama sisi, ila kwao ni Ghana, Togo, Benin na kule kwote, na upande huu anafika Uganda. Akiogopa anajikunja duara kama mpira, kichwa anakificha katikati. Akikomaa ni mita moja, akizidi sana moja na nusu. Kafupi, kapole, halafu kana maisha marefu ajabu: mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani, mmoja aliyekisiwa kuwa na miaka 62 alitaga mayai, na kwa miaka mingi hakuwa amekaa na dume!

Huyo ndiye ambaye ulishaji wake umeandikwa na kila mtu, na kanuni zake ni rahisi. Mtoto anapewa kapanya kamoja kila baada ya siku tano hadi saba. Panya asizidi unene wa nyoka mwenyewe pale katikati alipo mnene. Wenye mzani wa jikoni wanapima: chakula kiwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka. Nyoka wa gramu 70 anatosheka na kipanya cha gramu 7 hadi 10. Nyoka akinenepa, unapandisha saizi ya panya, siyo idadi. Na kadiri anavyokua ndivyo milo inavyoachana, mpaka mkubwa anakula mara moja kwa wiki mbili au tatu. Ukimlisha kama unavyomlisha mtoto wa dada, atakuwa bonge na kufa mapema.

Halafu kuna siku atagoma. Usipaniki. Macho yakigeuka rangi ya maziwa, ujue anataka kujivua gamba (hawa walianza zamani, kabla wanasiasa hawajaidaka hiyo lugha mwaka 2011), na wakati huo wengi hawataki kula. Wakubwa wanaweza kususa hata miezi. Unapima uzito, kama haupungui sana, mwache na mambo yake.

Joto nalo ni sehemu ya chakula. Nyoka hana moto wake mwenyewe tumboni, anauazima nje. Anataka kona moja yenye nyuzi kama 30 hadi 32 ndipo panya ayeyuke. Sasa nyinyi wa Bigwa na wa kule juu Morningside, Juni na Julai baridi ya Uluguru inaposhuka, mnalala na blanketi mbili. Nyoka wa kwenye ndoo atashiba jioni, na panya atabaki mzima mzima tumboni mpaka amtapike. Na akishakula usimshike siku mbili, hata kama wageni wamekuja kupiga naye picha.

Panya wenyewe? Utasema Moro hii panya ni wa kumwaga, mpaka watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewachunguza miaka na miaka kwa jinsi wanavyokomba mahindi shambani. Kweli, lakini panya wa uchochoroni pengine kesha kula sumu ya dukani, na sumu ile inahamia kwa nyoka. Panya mzima naye ana meno. Ukimwacha usiku kucha na nyoka asiye na njaa, asubuhi utamkuta nyoka ana vidonda. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya wanalisha panya aliyekwisha kufa, anayeshikwa kwa koleo. Na panya buku msimguse! Hapa Sokoine wanasomeshwa kunusa mabomu na kifua kikuu. Mzaliwa wa Moro aitwaye Magawa alipata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mnyama mwenye medali siyo kitoweo.

Haya, tumrudie wa kwenye ndoo. Chatu wetu anaanza vilevile, panya mmoja kwa wiki, na mwaka wa kwanza utajiona bingwa. Tatizo hasimami. Anavuka mita moja, anavuka mbili, na hapo panya ni karanga. Anataka kuku, anataka sungura, na akifika mita tatu au nne, ambazo kwake ni kawaida, mezani panatakiwa mbuzi mdogo. Huko porini anameza swala. Wewe umepanga chumba kimoja, choo cha kuchangia, na jirani ana mtoto anayetambaa. Utaniambia Wasukuma wanacheza ngoma naye. Sawa, lakini wale Bayeye ni chama chenye mafundi wake, mtu anafundwa na dawa zake anapewa, hakuanzia kwenye simu.

Na kuna sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori haokotwi kama embe. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Ila bahati ya mshikaji wangu ni kwamba TAWA, mamlaka yenyewe ya wanyamapori, makao yake makuu yako Morogoro. Hana haja hata ya nauli ya Dar. Aende awaambie alichonacho na alikokiokota. Shambani kule chatu ana kazi ya kufanya, ya kula panya wa mahindi, na halipwi.

Kwa hiyo jibu la swali lake, amlishe nini, ni hili: hasimlishe chochote. Amwekee kibakuli cha maji, atoboe mfuniko hewa ipite, ndoo ikae kivulini. Mtoto wa chatu aliyetoka shambani na afya yake anamaliza wiki nzima bila kula na hana habari, na akisafirishwa na tumbo tupu hatamtapikia mtu njiani.