Mkalimani wa Viziwi Apimwe na Viziwi

Tumezoea kumwona mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya televisheni wakati wa taarifa ya habari, au pembeni ya jukwaa la mkutano wa hadhara, tukaridhika kwamba viziwi nao wamefikiwa. Ni wangapi kati yetu waliowahi kumuuliza kiziwi kama alichokipata ndicho kilichosemwa? Sisi tunaosikia hatuna kipimo. Mikono ikienda kwa kasi, tunasema huyu ni fundi.

Tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela kule Johannesburg, mtu mmoja alisimama kama mkalimani hatua chache kutoka kwa Rais wa Marekani akirusha mikono kwa saa kadhaa. Wakuu wa nchi wamejaa uwanjani, na hakuna aliyeshtuka. Walioshtuka ni viziwi. Mbunge kiziwi wa Afrika Kusini, Wilma Newhoudt-Druchen, alitangaza siku ile ile kwamba mtu yule haelezi chochote. Laiti angeulizwa kiziwi mmoja kabla ya siku hiyo, aibu ile isingetokea.

Aibu ya uwanjani hupita. Madhara makubwa yako kwenye vyumba vidogo, ambako hakuna kamera. Chukua swali moja la mahakamani: “Ulichukua fedha?” Sisi tunalitambua kuwa ni swali kwa jinsi sauti inavyopanda. Katika lugha nyingi za alama, kazi hiyo hufanywa na uso: nyusi huinuka, kichwa husogea mbele kidogo, macho humtazama anayeulizwa na kungoja jibu. Mkalimani aliyejifunza mikono tu, uso umekauka kama ubao, atamwambia mshtakiwa: ulichukua fedha. Kiziwi anatikisa kichwa kwa kuchanganyikiwa, karani anaandika. Nani atajua kosa lilipoingia?

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote mtindo wa kozi za wiki mbili. Mtu anafundishwa herufi za vidole, salamu, siku za wiki na rangi, anapewa cheti, kesho anaitwa hospitali ya wilaya. Kozi hizo ni njema kwa muuguzi anayetaka kumsalimu mgonjwa wake, na wauguzi wengi zaidi waende. Hazimtoi mkalimani. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni; ina sarufi yake na mpangilio wake, na alama nyingine hutofautiana kulingana na shule aliyosoma mtu, tangu shule ya kwanza ya viziwi ilipofunguliwa Tabora mwaka 1963. Lugha ya namna hiyo huijui mpaka umekaa na wenyewe: misibani, harusini, kwenye vikao vyao, wazee kwa vijana. Basi walimu wakuu wa wakalimani wawe viziwi, na watahiniwa wasipewe cheti mpaka viziwi waseme, huyu tunamwelewa.

Wenzetu wa Kenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 120, kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Ni hatua ya kupongezwa na kuigwa. Lakini ibara haimfundishi mtu kazi. Kazi inafundishwa kwa miaka, kwa fedha, na kwa mkalimani mchanga kukaa chini ya mzoefu.

Na huyo aliyefuzu tunamtendeaje? Tunamwita peke yake kwenye semina ya kutwa nzima, ilhali kazi hii huchosha akili upesi, na utaratibu unaofahamika ni wakalimani wawili kupokezana kila baada ya dakika ishirini hivi. Jioni tunampa asante na nauli. Kisha tunashangaa wazuri wakiacha wakafanye biashara! Waandaaji, ukalimani uingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na ukumbi na chakula.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linaloniuma zaidi, ni mtoto wa shule ya msingi kuitwa na daktari amtafsirie mama yake kiziwi. Mtoto wa miaka tisa amwambie mama yake kwamba uvimbe ule ni saratani? Amuulize habari za hedhi na mimba zilizoharibika? Mama atanyamaza, na ana haki ya kunyamaza. Mkalimani aliyefunzwa ameapa kutunza siri. Mtoto hana kiapo, ana hofu tu.

Nanyi madaktari, mahakimu na watendaji wa mitaa, kiziwi anapofika mbele yenu, muulizeni kwanza kama anamwelewa mkalimani aliyeletwa. Akisema hapana, ahirisheni. Akisema ndiyo, mtazameni yeye usoni na mseme naye moja kwa moja, mkalimani akae kando yenu, penye mwanga, asiwe na dirisha nyuma yake.