Msaada wa Mazingira Upimwe Jikoni mwa Maskini



Katika miaka ya karibuni nchi yetu ya Tanzania imetajwa mara nyingi katika mikutano ya kimataifa kwa ajili ya juhudi za kuokoa misitu na kuwaondoa akina mama katika moshi wa jikoni. Tarehe 14 Mei 2024, mjini Paris, serikali na makampuni ziliahidi dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia barani Afrika, katika mkutano ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake. Mwezi Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakakusudia kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030.

Ahadi hizo ni njema, nasi tunazipokea kwa shukrani. Hata hivyo, yatupasa tuulize maswali ambayo mpenda haki yeyote angeyauliza: Fedha hizi zitamfikia nani? Zinakuja kama ruzuku au kama mkopo? Na siku wafadhili watakapofunga ofisi zao, zitakuwa zimetuachia nini?

Hakuna asiyejua ukubwa wa tatizo lenyewe. Kaya nyingi nchini bado zinapikia kuni na mkaa. Serikali imekadiria kwamba tunapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, kwa sababu ya kilimo cha kuhamahama, mifugo, moto na nishati ya kupikia. Inakadiria pia kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa jikoni. Walio wengi kati ya wanaovuta moshi huo ni wanawake na watoto wachanga waliobebwa migongoni. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania.

Wapo wanaosema kwamba maskini anayepewa hapaswi kuchagua. Hatukubaliani nao. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, ilhali ukame na mafuriko yatokanayo na joto la dunia yanabomoa nyumba za watu wetu na kukausha mashamba yao. Nchi zote zilizotia sahihi mkataba wa mwaka 1992 kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa zilikiri kwamba wajibu ni wa wote, lakini mizigo haiwezi kuwa sawa. Basi fedha zinazotoka kwa matajiri kwa ajili ya misitu yetu na majiko yetu zisihesabiwe kuwa sadaka. Ni malipo ya deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Tuangalie jinsi deni hilo linavyolipwa. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kiasi hicho kilitimia mwaka 2022, yaani kwa kuchelewa miaka miwili. Zaidi ya hayo, kati ya fedha za umma zilizotolewa mwaka huo, asilimia 69 zilikuwa mikopo. Ni haki gani hii, ambapo aliyechafua humkopesha aliyechafuliwa ili akasafishe, kisha humdai riba? Tanzania ilihangaika miaka mingi mpaka ikapata nafuu ya madeni mnamo Novemba 2001. Haifai watoto wetu warudishwe katika kitanzi kile kile kwa jina la mazingira.

Swali la pili ni la mapokezi ya msaada hapa nyumbani. Mwezi Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Amri hiyo haikudumu, kwa kuwa watu wa mjini hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Tulijifunza kwamba sheria inayomnyang'anya mnyonge jiko lake bila kumpa jingine haiokoi msitu. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na jambo hilo linastahili pongezi. Lakini mama anayepata kipato chake kwa siku hununua mkaa wa kopo moja, akapika, na kesho akanunua tena. Gesi inapokwisha anatakiwa atoe fedha nyingi kwa mkupuo, naye hana. Mtungi unawekwa uvunguni, na mama anarudi kwa muuza mkaa. Katika taarifa ya mradi ameandikwa kuwa amefikiwa, ingawa moshi bado uko machoni pake.

Ipo misaada iliyofanya kazi njema, nasi tuna wajibu wa kuitaja. Kwa jirani zetu wa Kenya, kufuatia mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wafadhili waligharimia utafiti na mafunzo ya jiko la mkaa linalobana matumizi. Wazo lilitoka katika majiko ya Thailand, lakini mafundi wa jua kali ndio waliolipa umbo: bati nje, kauri ndani. Jiko hilo halikugawiwa bure. Liliuzwa sokoni kwa bei ambayo watu waliimudu, kwa sababu lilipunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi. Wafadhili waliondoka, mafundi wakaendelea kugonga bati, na jiko lilivuka mipaka hadi kwetu na kwa majirani wengine.

Hapa kwetu mfano mzuri uko mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2019, Uswisi iligharimia mradi wa mkaa endelevu, uliotekelezwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania pamoja na wenzao. Vijiji, vikianzia wilayani Kilosa, vilitenga misitu yao kisheria, vikaruhusu mkaa katika sehemu ndogo tu. Sehemu hiyo iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vilivyovunwa kwa kurukana kama visanduku vya bao la drafti. Visiki viliachwa vichipue, na kitalu kingepumzishwa miaka 24. Wachomaji walifundishwa tanuri linalotoa mkaa mwingi zaidi kutoka kwa magogo yale yale. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na zahanati kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji.

Tofauti yake na malipo mengine ni kubwa. Norway iliahidi mwaka 2008 kutoa kroni milioni 500 kuisaidia Tanzania katika mambo ya hali ya hewa na misitu, na katika baadhi ya vijiji wananchi walilipwa fedha mkononi kwa ajili ya kutunza msitu. Malipo hayo yalikuwa ya majaribio, nayo yalikoma pamoja na miradi. Ushuru wa msitu wa kijiji hautegemei bajeti ya Oslo wala ya Bern, bali sheria zetu wenyewe, mradi haki hiyo ya kijiji ilindwe isimezwe na ngazi za juu.

Jambo hili si dogo. Mwezi Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Kwa miezi michache tu watu wengi katika nchi maskini waliona huduma walizozitegemea zikisimama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na taifa linalopanga jiko lake kwa hisani ya uchaguzi wa nchi nyingine limejiweka mahali pa hatari.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, fedha za nje kwa ajili ya misitu na nishati ya maskini ziwe ruzuku, na mikataba yake iwekwe wazi kwa wananchi. Pili, zigharimie kile ambacho maskini hawezi kukianza. Kwa mfano, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa umeme usiofika uniti moja, lakini bei yake humshinda mnunuzi wa kopo la mkaa. Msaada na uwezeshe alilipie kidogo kidogo kila anunuapo umeme. Tatu, kila mradi uache ujuzi kwa mafundi na madaraka kwa serikali za vijiji.

Ninyi viongozi walei mna kazi ya kufanya. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na agizo hilo linazigusa shule, seminari na hospitali za Kanisa. Ulizeni jikoni humo panapikwa kwa nini, na mpango wa kubadili umefika wapi. Katika jumuiya zenu hesabuni mitungi iliyogawiwa, kisha hesabuni mingapi ina gesi leo. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, msikae nyumbani. Ombeni msomewe mapato ya msitu na mikataba ya wafadhili. Hesabu hizo mkiziandika na kuzituma katika Tume ya jimbo, tutakuwa na ushahidi wa kuwaonyesha wale wanaoahidi mabilioni mahali ahadi zao zilipoishia.