Vuli Si ya Majani

Shuleni Kayole mwalimu alichora mti ubaoni, majani yakidondoka, kisha akaandika chini yake: VULI. Nje mvua ilikuwa inagonga mabati hadi tukashindwa kumsikia. Ilikuwa Novemba. Hakuna aliyetuambia kwamba vuli ni ile iliyokuwa juu ya vichwa vyetu.

Vuli ya ubaoni nilikutana nayo Glasgow, 2023, muhula wangu wa kwanza. Sitadanganya: ni noma. Kijani inaondoka kwa jani, halafu manjano iliyokuwa imejificha ndani muda wote inajitokeza. Wiki mbili nilikuwa mshamba kabisa, naokota majani barabarani, napiga picha, naposti. Vijana wa mtaa wakajibu, "Manze, umeomoka!"

Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakarudisha saa nyuma. Jana Nairobi ilikuwa mbele yangu kwa saa mbili, leo tatu. Kufika Desemba jua lilikuwa linazama saa kumi kasorobo. Mimi natoka mahali ambapo saa kumi na mbili jioni jua linazama, mwaka mzima, na ndiyo maana tunahesabu saa hivyo. Kule hata saa yangu ya Kiswahili ilikosa maana.

Nikampigia mathe. Nikamwambia huku ni vuli, majani yameisha mtini. Akanyamaza kidogo. "Hata huku ni vuli," akasema. "Redio imesema. Maji yameingia kwa ploti, tumeinua godoro."

Hapo ndipo nilishikwa na hasira ambayo haijaisha.

Kuna mtu aliketi na kalenda ya Ulaya akaona ina majira manne, akachukua majina yetu akayabandika huko. Masika ikawa wakati wa maua. Kipupwe ikawa theluji. Vuli, mvua yetu fupi ya Oktoba hadi Desemba, ikawa majani makavu. Mtoto wa Umoja anaweza kukuandikia insha ya theluji na hajawahi kuiona, lakini muulize vuli inaanza lini, anakuangalia tu.

Kuna wasee watasema ni neno tu, lugha hukua. Sawa. Lakini kukua ni kuongeza, na hapa tulipunguziwa. Shule tuliitoa kwa Wajerumani na hatukuita kitu chetu kingine shule. Kama tunahitaji jina la msimu wao, tuseme majira ya kupukutika majani. Ni refu, lakini halimwibii mtu.

Na hii si hasira ya vitabu pekee. Kitu usichokuwa na jina lake hukushtua kila mwaka. Vuli hiyo ya 2023 ilikuja na El Niño na mafuriko. Masika ya 2024 ikaja, Mathare ikazama, watu wakafa, na walionusurika kando ya mito wakabomolewa nyumba. Kila mara tunaambiwa mvua imekuja ghafla. Ghafla gani? Msimu uko na jina, uko na miezi, mababu walipanda mbegu kwa kuufuata. Ni sisi tuliosahau, na kusahau kwetu kunawafaa sana wale wanaopaswa kuzibua mitaro Septemba lakini wanazibua maji yakishafika kitandani.

Kwa hivyo wewe uliye majuu, posti majani yako, ni mazuri, nitalike. Lakini usiyaite vuli. Nawe mwalimu, ukifika kwenye ule mchoro, fungua dirisha. Na wewe wa Dandora, wa Kayole, wa Umoja, usingoje redio: Septemba ikifika uliza mtaro wa kwenu utazibuliwa siku gani, na nani.

Mathe bado huniuliza kama ile miti ilirudisha majani. Ilirudisha. Godoro letu halikukauka vizuri hadi leo.