Nani Anaweza Kumkatalia Mtafiti?

Mwaka 2013 shule 350 za msingi za serikali, katika wilaya kumi za Tanzania, ziligawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 hazikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa matatu ya chini waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Hisabati au Kiingereza, na mwalimu mkuu naye akawekewa 1,000 yake. Shule 70 zikapata vyote viwili. Zilizobaki, 140, hazikupata kitu. Kazi ya shule hizo ilikuwa kulinganishwa na zile zilizopata, na baadhi ya watoto wake walipimwa kama wenzao. Jaribio hilo la miaka miwili liliitwa KiuFunza. Liliendeshwa na asasi ya Twaweza pamoja na wachumi kutoka vyuo vya nje, na Sumbawanga ilikuwa mojawapo ya wilaya hizo kumi.

Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics, jarida ambalo wachumi wengi hustaafu bila jina lao kuonekana ndani yake. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilifanya kidogo, tena kwa kusitasita. Fedha na motisha vilipokwenda pamoja, ndipo watoto waliposonga mbele kweli. Kwa nchi ambayo mjadala wake wa elimu huishia kwenye idadi ya madawati na matundu ya vyoo, hiyo ni habari nzito, na ilipatikana kwa sababu shule 140 zilikaa pembeni zikitazama.

Nimelichagua jaribio hili kwa kuwa lilikuwa zuri. Lilifanywa waziwazi, likachapishwa, na fedha zisipotosha wote, kura ni njia ya haki kuliko kujuana. Sina mtu wa kumlaumu. Lakini hata jaribio zuri linaacha swali ambalo kwetu Ufipa, mkoani Rukwa, hatujalijibu: mzazi, mwalimu au mtoto wa darasa la tatu asingetaka kuwamo, angemwambia nani, na angesikilizwa?

Fuata njia ya kibali uone. Mtafiti huanzia kwenye kamati ya maadili ya chuo chake. Akigusa afya hupita kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mgeni kutoka nje ya nchi huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa mwaka 1986, na mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini huja na barua ya chuo chake. Baada ya hapo barua huanza kushuka: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Afisa Elimu, Afisa Elimu Kata, mpaka meza ya mwalimu mkuu. Kila inapopita hugongwa muhuri na kuongezewa maneno yale yale, kwamba mhusika apewe ushirikiano. Ilipotoka juu ilikuwa ruhusa. Inapofika chini imeshakuwa amri.

Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini huko Kalambo au Nkasi anasoma barua hiyo kwa jicho la mtumishi. Anayeomba ni mtafiti, ila aliyesaini ni bosi wa bosi wake. Akikataa, hakatai dodoso, anamkatalia mkurugenzi. Basi anaingia darasa la sita na kusema wageni hawa wametoka chuo kikuu, mtawajibu vizuri, na darasa zima linaitikia: “Ndiyo, mwalimu!” Hapo ndipo ridhaa ya watoto inapohesabiwa kuwa imepatikana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu, lakini hakuna mtoto wa Kitanzania aliyefundishwa kuitumia haki hiyo akiwa amesimama mbele ya mwalimu.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Katika Shule ya Willowbrook, jimbo la New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa kwa makusudi virusi vya homa ya ini tangu miaka ya 1950, ili madaktari wajifunze ugonjwa. Wazazi walisaini fomu. Lakini ilifika wakati shule ilijaa, na nafasi zilizobaki wazi zikawa zile za wodi ya utafiti. Mzazi aliyechoka, mwenye mtoto asiye na pengine pa kupelekwa, angechagua nini? Ufipa hakujawahi kufanyika jambo la kutisha kiasi hicho, na silitaji ili kutia hofu. Ninalotazama ni sahihi ya mtu ambaye hana mlango wa pili.

Dola yetu hailali katika mambo ya utafiti, ila inaangalia upande mwingine. Julai 2018 Twaweza hao hao walitoa kura ya maoni iliyoonyesha kwamba waliokuwa wakiridhika na utendaji wa Rais wa wakati huo walikuwa wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. COSTECH iliwaandikia barua ikiwataka wajieleze kuhusu kibali. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilibanwa, ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka uliofuata ikalegezwa. Tazama mambo hayo mawili kwa pamoja. Utafiti ulipomgusa mkubwa, mfumo uliamka ndani ya siku chache. Siku utafiti utakapomgusa mtoto wa Mpui, hapa Rukwa, barua ile ile itamsindikiza mtafiti hadi darasani na kurudi kabatini. Uangalizi wa namna hii unalinda matokeo yasisemwe vibaya. Anayetoa majibu unamwacha ajilinde mwenyewe.

Na Rukwa hupimwa. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa 34. Ule wa mwaka 2022 ulitupa karibu asilimia 50, taifa likiwa 30. Mkoa unaolisha wengine mahindi na maharage, watoto wake wamedumaa. Ni kitendawili kinachomvuta kila mtu wa lishe, na tangu lami ya kutoka Tunduma ifike, kufika kwetu hakuchoshi tena. Tusijidanganye: bila wapimaji tungeendelea kusema watoto wetu ni wafupi kwa asili. Asilimia hizo zimeleta fedha na miradi, na anayetaka kuwafungia watafiti mlango autazame kwanza mkono wa mtoto kwenye utepe wa kupimia.

Lakini kipimo cha urefu ni kitu kimoja, na swali la nani unalala naye ni kitu kingine. Dodoso la afya ya uzazi humuuliza binti wa kidato cha pili kama ana mpenzi na kama amewahi kupata mimba, analijaza akiwa kwenye dawati la watu wawili, na mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni. Hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliopata mimba warudi shuleni, jibu la kweli lingeweza kumfukuzisha masomo. Mpaka leo jibu hilo linaweza kumtia mtu mwingine matatani, kwa kuwa tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mtafiti aliyeahidi siri anajua sheria hiyo? Na binti, amefafanuliwa kwamba siri ina mipaka? Mtu akijibu bila kujua hilo, sioni namna ya kuiita ridhaa.

Wapo watakaosema kwamba kuwapa wazazi sauti kutarudisha mambo ya mumiani: mtu akisikia damu au mkojo tu, anamficha mwanawe. Hofu hiyo ipo, ila imekua kwa sababu watu hawaelezwi. Mwaka 2008 ugawaji wa dawa za kichocho katika shule za Morogoro uligeuka kuwa fujo, wazazi wakivamia shule kwa kusikia watoto wanadhurika. Oktoba 2016 huko Mvumi, Dodoma, watafiti wa kilimo kutoka Kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na gari lao kuchomwa moto. Walidhaniwa ni wanyonya damu, kumbe walikuwa wakichukua udongo. Udongo! Muhuri wa ofisi hauwezi kumwokoa mtu asiyejulikana kwa wananchi. Kinachomwokoa ni kikao cha kijiji kilichofanyika kabla gari halijaonekana.

Kuna deni jingine, nalo halina damu wala hatari: kurudisha. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alikuja Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960, akasikiliza wazee wakisimulia habari za Milansi na Nkansi, dola zao za kale, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya namna dola za Wafipa zilivyoundika. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba na kueleza malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambamo Wafipa walifua chuma. Kazi zote mbili ni za heshima, na zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa darasa la tano anayepita kila siku kwenye mabaki ya ilungu akienda shule hawezi kuzisoma, ingawa waliozisimulia huenda walikuwa babu zake. Simlaumu Mapunda, maana taaluma humlipa mtu kwa makala ya jarida. Kwa kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 20 haimlipi hata senti. Mlipaji ndiye wa kuulizwa.

Rai yangu ni ndogo. Kila shule ya msingi ina kamati ya shule, na ya sekondari ina bodi. Vyombo hivi hujadili michango ya chakula na paa lililoezuliwa na upepo. Vipewe pia utafiti. Barua inayotoka kwa mkurugenzi iwe na sentensi moja mpya: shule ina haki ya kukataa, na kukataa hakutahesabiwa dhidi ya mwalimu mkuu. Sentensi hiyo haigharimu shilingi, na bila yake mengine yote ni pambo. Kamati ipate maelezo ya Kiswahili ya kurasa mbili kabla ya mtafiti kufika. Mwalimu atoke darasani dodoso linapojazwa. Darasa la saba lisiguswe wakati linajiandaa kwa mtihani wa Septemba, ingawa miezi hiyo ya kiangazi ndiyo barabara za bonde la Rukwa hupitika na ndiyo watafiti huipenda. Na mtafiti apewe tarehe ya kurudi kwenye mkutano wa wazazi na matokeo mkononi, hata kama ni ya mwanzo tu.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni posho. Kamati ikigundua kwamba sahihi yake ina thamani, itaiuza, na tutakuwa tumeongeza kituo kingine cha kulipia. Hilo linaweza kutokea, wala sina dawa yake zaidi ya kufanya uamuzi mbele ya mkutano wa wazazi badala ya ofisini. Pingamizi la pili ni kwamba watafiti wataona usumbufu na kwenda Morogoro, karibu na Dar es Salaam, kisha Rukwa ibaki gizani. Naona hao watakaokimbilia kwingine kwa kuogopa maswali ya wazazi ni wale ambao kuondoka kwao hakutupunguzii kitu.

Na tusidhani wanaohusika ni wachumi wa nje tu. Wengine wanaopiga hodi katika shule zetu ni vijana wa stashahada na shahada ya kwanza, wenye muda mfupi na msimamizi aliye mbali. Wanaondoka na karatasi zenye majina ya watoto, alama zao na hali za nyumbani kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kimsingi haziguswi bila ridhaa ya maandishi. Sheria hiyo inamhusu kijana huyo wa stashahada sawasawa na kampuni ya simu, na mwalimu mkuu anaweza kuitumia leo, kabla ya waraka wowote mpya. Barua ya Afisa Elimu haimzuii kuuliza karatasi hizi zitakaa wapi, nani ataziona, majina yatafutwa lini, na nani atakuja kutusomea mlichokipata. Mtafiti aliyejiandaa hatumii dakika kumi kujibu.