Mahindi Tunayaanika, Mbao Tunazipaua Mbichi

Leo mbolea naiweka pembeni. Wengi wenu mmeshauza mahindi na viazi, na kwa simu ninazopokea naona mnajenga. Safi sana. Ila kwenye mbao naomba tusemane.

Hakuna kijana kati yenu atakayejaza mahindi mabichi kwenye gunia akashona. Mnajua unyevu ukizidi asilimia 13.5 mnunuzi makini anayakataa, na yakikaa yanaota ukungu. Sasa kijana huyohuyo anabeba mbao zilizopasuliwa juzi, ukipiga msumari maji yanakurukia usoni, na kesho yake fundi anapaua. Jamani, kwa nini?

Simcheki mtu, yamenikuta. Nilipojenga, fundi alikuwa ameshafika, mvua zinakaribia, nikachukua mbili kwa nne za paini, nzito kweli kweli. Baada ya miezi mitatu kenchi mbili zimejisokota, misumari imelegea, na jipsamu ya sebuleni imepasuka kutoka kona hadi kwenye taa. Nikamlaumu fundi, tukakosana. Kumbe mbao zilikuwa zinakauka nikiwa nimeshazipigilia, na mbao ikikauka lazima isinyae. Kubadilisha kenchi ukiwa umeshapiga bati ni gharama ambayo siwaombei.

Kosa langu la pili lilikuwa kiini. Ukifika kwenye banda la mbao, usiangalie ubapa peke yake, inama uangalie kichwa cha mbao. Ukiona miduara inazunguka kidoa cha kahawia katikati, hicho ndicho kiini cha mti. Mbao ya namna hiyo itajisokota tu, hata uipigilie vipi. Fundo dogo sio shida, ila fundo kubwa lililokaa ukingoni, katikati ya urefu wa mbao, hapo ndipo itakapovunjika.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wanakataa mbao yenye rangi ya bluu, halafu wanachukua yenye kiini kwa sababu ni nyeupe. Ile bluu ni kuvu tu. Kwa kenchi zinazofichwa na dari haina neno, mradi mbao ni ngumu na haijaoza.

Basi nunua mbao mapema, ukiwa bado kwenye msingi kama hela ipo. Zipange juu ya matofali zisiguse ardhi, kila safu itenganishwe na vipande vya inchi moja, kila baada ya futi mbili, na vipande vifuatane kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Funika juu kwa bati chakavu, pembeni acha upepo upite. Usizianike juani kama mahindi, zitapasuka. Juu weka mawe mazito. Kujua kama zimekauka, kata kipande kimoja kifupi, kiache hapohapo na wenzake, kila wiki kipime kwenye mzani wa jikoni. Uzito ukiacha kushuka, mwite fundi. Mchwa ni habari nyingine, mbao kavu nayo inahitaji dawa.

Halafu wapo kati yenu wenye mashamba ya miti huko Mafinga na Njombe. Hapa mtanisamehe. Mti wa miaka 8 mnaukata kwa sababu ada ya shule imefika, karibu wote bado ni mti mchanga, na mbao zake zinapinda hata kabla hazijapakiwa kwenye lori. Shida za hela nazielewa, mshahara wangu mnaujua. Lakini mwenzako anaezekea nyumba kwa hiyo mbao, na wewe ukijenga utauziwa ya mwingine ya namna hiyohiyo. Ukibanwa, vuna michache, mingine iache inenepe.

Mimi sasa najenga banda la kuku. Mbao ziko nyuma ya nyumba, fundi ameshapiga simu mara mbili wiki hii. Jana kipande kilikuwa bado kinashuka, nikamwambia asubiri.