Maini yanatupwa, utafiti umefungiwa kabatini!

NDUGU msomaji, kijana mwenzetu wa kijiweni, asubuhi ukiagiza sahani ya maini pale kwa mama ntilie wa karibu na stendi, kula bila wasiwasi. Ini lililokaguliwa, likapikwa likaiva, halina neno. Sisi leo tunataka kukupa habari za ini ambalo halikukufikia, na la mzee wako kijijini aliyelipoteza.

Nenda machinjioni alfajiri, iwe Vingunguti au kwingineko, umwangalie mkaguzi wa nyama anavyopitisha kisu kwenye ini. Mara nyingine mirija ya nyongo inakuwa imekakamaa kama bomba lenye kutu, kisu kinakwaruza, na ndani wanatoka wadudu bapa wenye umbo la jani, wengine wana urefu wa sentimita 5 na zaidi. Hao ndio minyoo ya ini. Ini likiwa limeharibika sana linatupwa zima. Hasara ya nani? Si ya kigogo yeyote. Ni ya mchuuzi kijana aliyekopa mtaji kununua ng'ombe mnadani, na ni ya mfugaji ambaye yake ilianza zamani: ng'ombe alikonda, maziwa yakapungua, uvimbe wa maji ukaning'inia chini ya taya, na mnadani akapewa bei ya kutupwa.

Huko nyumbani wapo wanaosema ng'ombe karogwa. Hakuna mchawi hapo. Yai la mnyoo linatoka na kinyesi. Likipata maji linaanguliwa, kijidudu kinaingia ndani ya konokono wa majini na kuzaliana humo, kisha makinda yanatoka na kujibandika kwenye majani ya ukingoni. Ng'ombe anakula majani, basi. Baada ya miezi mitatu hivi minyoo wamekomaa kwenye ini na wanataga tena.

Na haya yote yanajulikana! Wataalamu wetu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wameshirikiana na wenzao wa nje kuyachunguza kwa miaka mingi. Utafiti wa Iringa uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kwa wafugaji wa jadi zaidi ya nusu ya ng'ombe waliopimwa walikuwa na minyoo hao. Tena ulionyesha kwamba mayai yanaongezeka kadiri kiangazi kinavyosonga. Aliyekulia Iringa haoni ajabu: nyasi za mlimani zikikauka, ng'ombe wanashushwa mabondeni, kwenye vinyungu na kingo za mito, kulekule anakoishi konokono.

Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa Arumeru. Ukasema ng'ombe wa vijiji vyenye mifereji ya umwagiliaji wameambukizwa zaidi. Mwaka 2015 utafiti mwingine ukathibitisha kwamba mkoani Arusha wapo na binadamu wenye ugonjwa huu. Binadamu haupati kwa kula maini. Anaupata kwa kula mboga mbichi zilizoota majini, au kwa kunywa maji yenye makinda hayo.

Sasa tuwaulize watawala. Mwaka 2022/23 mliipandisha mno bajeti ya umwagiliaji, mkapiga picha na mikasi ya kukata utepe. Hatupingi umwagiliaji, wali tunaupenda kama mnavyoupenda ninyi. Lakini katika michoro ya mifereji hiyo, ng'ombe atakunywa wapi? Nani aliyemwita bwana mifugo kabla katapila halijaanza kuchimba? Mfereji usiosafishwa, uliojaa magugu, ng'ombe akaachwa aingie na kwato na kinyesi chake, ni shamba la konokono lililojengwa kwa kodi ya mlalahoi.

Na dawa je? Mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, anapewa ile ya minyoo ya kawaida, albendazoli, anamnywesha ng'ombe kwa kukisia uzito. Dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo cha kutosha, inaua mnyoo wa ini aliyekwisha komaa, lakini yule mchanga anayelitoboa ini inamwacha. Ipo triklabendazoli inayoua wakubwa na wadogo. Anayejua tofauti hiyo ni mtaalamu, na mtaalamu anaonekana kijijini kwa nadra kama mvua ya Agosti, ila kwenye semina za hoteli anakuwepo kwa posho.

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Viongozi wanaitaja idadi hiyo kwa kifua mbele kila wakihutubia. Lakini tafiti tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya nje. Mzee wa Arumeru ambaye kinyesi cha ng'ombe wake ndicho kilichopimwa hawezi kuzisoma! Alitoa ng'ombe wapimwe, na haki yake ni kupewa majibu kwa lugha yake, kama mgonjwa anavyopewa na daktari.

Tunachodai hakihitaji shangingi wala mfadhili. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, yabandikwe kila mnada na kila josho, yasemwe redioni. Ng'ombe wapewe dawa sahihi kiangazi kinapoanza na kinapoelekea mwisho. Kila mradi wa umwagiliaji uwe na birika la mifugo mbali na mfereji. Na machinjio yapeleke taarifa za maini yaliyotupwa hadi wilaya alikotoka ng'ombe, ili ijulikane wapi pameoza.

Wewe kijana wa mjini una simu. Mpigie mzee leo jioni, umweleze habari za konokono na za dawa ile. Na diwani wake akija kuomba kura, mzee amuulize birika liko wapi.