Daftari la wiki: Masika na mikono midogo

Aprili imeingia na shule za awali zimeanza kubandika picha ukutani. Wiki hii nimepita kwenye moja hapa Dar es Salaam, nikakuta vifaranga vya manjano, sungura aliyekumbatia yai, kondoo mchanga na maua ya tulipu, vyote vimechapwa kutoka intaneti na kupakwa rangi bila kuvuka mstari. Vilikotoka vina maana yake: Uingereza, mwezi kama huu, miti inavaa majani mapya baada ya baridi na kondoo wamezaa. Nje ya darasa hilo maji yalikuwa yanagusa vifundo vya miguu na vyura wanashindana kwa kelele. Kwa habari za vyura, mtoto wa miaka minne anaweza kumfundisha mwalimu wake. Wala hakuna aliyemwambia amfinyange hata mmoja.

*

Udongo unaofaa ni ule wa mfinyanzi. Uviringishe uwe kama kidole, kisha uupinde; usiopasuka ndio wenyewe. Masika yana faida hapa, kwa sababu chura anayekauka taratibu hapati nyufa kama anayeanikwa kwenye jua kali. Ila asiwe mnene kupita kidole gumba, la sivyo nje atakuwa amekauka na ndani bado ni tope.

Walimu wengi wa mjini hupendelea donge la unga: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji na mafuta kidogo. Ni zuri Januari. Msimu huu chumvi inavuta unyevu wa hewani, na asubuhi unakuta donge limelowa jasho na linanata mezani. Mwalimu aliyeniuliza kama ameibiwa kwenye unga, jibu ndilo hilo. Ongeza unga mkavu, ufungie kwenye chombo chenye mfuniko.

*

Upepo wa kaskazi umekwisha, kusi imeanza. Huu ndio wakati wa vititia, na sioni kwa nini mtoto wa pwani anunuliwe cha plastiki. Chukua jani moja la kuti bichi, toa chelewa ya katikati, unabaki na chane mbili. Zikunje zishikane msalaba, kisha ile chelewa uliyoitoa ipenye katikati, iwe mhimili na mkono kwa pamoja. Hakuna gundi, hakuna mkasi, hakuna kilichobaki cha kutupa.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuzifunga chane peke yake, na asilazimishwe. Yeye ashike chelewa na akimbie. Wa miaka mitano ataweza baada ya kuharibu nyingi. Kuti si la kuhesabiwa, acha aharibu. Mara ya kwanza kititia kitagoma kuzunguka kwa sababu tundu limebana, na mtoto ataligundua mwenyewe ukimwachia nafasi. Shida yetu ni watu wazima kukinyakua: "Lete hapa nikutengenezee."

Maneno hayohayo yanaharibu maonyesho ya mwisho wa muhula. Wazazi wanaingia, wanakuta kazi thelathini zinazofanana, na kila mtu anajua zimetengenezwa na nani usiku uliopita. Mimi ningetundika vile vilivyopinda.

*

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mjini Blankenburg mwaka 1837, aliwapa mipira ya sufu, vipande vya mbao, vijiti, karatasi za kukunja, na chane za karatasi za kusuka. Serikali ya Prussia iliziona shule hizo ni hatari, ikazipiga marufuku mwaka 1851 hadi 1860. Chane za karatasi, jamani! Angezaliwa Pemba angepewa miyaa bure, na bibi wa kumwonyesha ukili unavyoanza.

*

Rangi. Kila mama anajua doa la mchuzi kwenye kanzu linavyogeuka jekundu likiguswa na sabuni. Hilo ni somo zima la sanaa. Koroga manjano kwenye maji ya moto kidogo, paka karatasi nyeupe, ikauke. Kisha mtoto achovye kidole kwenye maji ya sabuni ya mche na kuchora: mstari unatoka mwekundu wa kutu. Mpe ndimu apitishe juu yake, unarudi manjano. Nimeona darasa likisahau uji kwa ajili ya mchezo huu.

Ukiwa na manjano yaliyobaki, yanyunyize makavu kwenye karatasi na uitoe nje mvua ikiwa ya rasharasha. Matone yachore yenyewe. Ikiwa ni mvua ya kweli usijaribu. Utarudi na karatasi tupu, kama itakuwa bado karatasi.

*

Kifuu cha nazi kilichopasuliwa katikati: nusu yenye macho ndiyo ya kupandia. Jicho moja ni laini, ulitoboe kwa msumari, maji yatoke. Kunde zitachomoza ndani ya siku chache, haraka ya kutosha kwa subira ya umri huo.

Hapa nina onyo. Kunde huingia puani. Hesabu ulizogawa na ulizopanda. Tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazovutia kwa shanga, zina sumu kali, na mbarika vilevile, zisikanyage darasani. Maganda mabichi ya korosho nayo yana mafuta yanayounguza ngozi.

*

Mkasi usubiri. Mtoto aanze kuchana gazeti kwa vidole. Upande mmoja linachanika moja kwa moja, upande mwingine linakwenda kombo, na watoto hulijua hilo kabla ya mwalimu kulieleza.

*

Malalamiko ya wiki ni ya mama mmoja langoni: "Mwalimu, hizi nguo za shule nazifua lini, na jua halipo?" Ana haki. Msimu huu soksi nyeupe inaanikwa Jumatatu, inavaliwa Alhamisi bado ina ubaridi. Fulana kuukuu ya baba, ikivaliwa juu ya nguo za shule, inafika magotini na inatosha kuwa aproni. Soksi zivuliwe, zikae kwenye begi.

*

Chupa ya maji iliyokatwa shingo, ile yenye kuta zilizonyooka, inatosha kupimia mvua. Mtoto afunge uzi pale maji yalipofikia, na uzi wa kesho uwe wa rangi nyingine. Wakubwa kidogo waambiwe kwamba milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Maji yamwagwe kila siku baada ya kupima, Ijumaa hasa, maana mbu hawana wikendi.